Mke Mkubwa wa Danford

Siku vigae vipya vilipokauka katika nyumba ya marehemu Mzee Mboje, pale Bariadi mjini, mtu wa kwanza kuanguka alikuwa mwenye nyumba mwenyewe.

Danford alitoka bafuni na kandambili zinazochuruzika maji, simu sikioni, akimsimulia rafiki yake wa Mwanza jinsi korido inavyong'aa mpaka mtu anaweza kunyolea ndevu sakafuni. Miguu ikatangulia mbele, yeye akafuata baadaye kwa makalio. Bibi Lukresia alikuwa mlangoni kwake akipepeta karanga. Aliweka ungo chini taratibu, akaziba mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yakawa yanacheza.

"Pole, mume wangu," alisema alipopata pumzi. "Umeanguka au ulikuwa unapima?"

Neno hilo "mume wangu" lisimtoe mtu macho. Kwa Wasukuma bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume humwita bibi yake mke, bibi humwita mume, na wanatupiana maneno ambayo angeyasema mtu mwingine kungeitwa mgambo. Masharti ni mawili tu: usimkatae mtani wako mbele za watu, na usikasirike. Ukikasirika umeshindwa, tena unalipa. Lukresia hakuwa bibi aliyemzaa mama wala baba yake Danford. Alikuwa wa ukoo mmoja na marehemu bibi yake, Minza, na yeye na mumewe Athanasi walipanga chumba cha mbele cha nyumba ile tangu Danford hajajua kujifuta kamasi. Athanasi alifia humo. Mboje, babu yake Danford, na Minza nao wakafuata. Akabaki Lukresia, na baraza lake.

Baraza hilo ndilo lililokuwa mji wake. Kila asubuhi aliketi hapo na kigoda, chupa ya chai, karanga, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vya kutafuna. Kila aliyekwenda sokoni alipita hapo, akanunua, akasema neno, akarudishiwa neno lenye pilipili. Bibi yule hakuwahi kusoma gazeti, na bado habari za mjini zilimfikia kabla hazijamaliza kutokea.

Danford alirithi nyumba, akapata vijisenti katika kununua pamba huko Kasoli, akaanza kukarabati. Akaweka dari la jipsamu. Akang'oa madirisha ya mbao akaweka ya alumini. Akajenga choo cha ndani, cha kukaa, ambacho Lukresia alikikagua mara moja na kutoka akitikisa kichwa.

"Kiti kizuri," alisema. "Ila mimi nikikaa kwenye kiti nasubiri chai."

Jambo moja Danford hakulifanya. Bati lililovuja juu ya kitanda cha Lukresia, ambalo bibi alimwomba alizibe tangu mvua za mwaka juzi, aliliacha vilevile, akapitisha jipsamu chini yake. Mvua ya kwanza iliponyesha, dari jipya likachora doa la kahawia, pana kama ngozi ya ndama.

"Umefunika kidonda kwa shuka," Lukresia alimwambia. Danford akasema atakuja kuliangalia. Hakuja.

Alichokuja nacho ni tangazo. Jioni moja aliwakusanya wapangaji wake watatu koridoni: Lukresia, Mabula wa bodaboda, na Benedikta, mwalimu wa shule ya msingi.

"Jamani, mnaona wenyewe nyumba ilivyopanda hadhi," alianza. "Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao kodi itakuwa mara mbili."

"Mara mbili ya nini?" akauliza Mabula.

"Ya hiyo unayolipa."

"Kaka, hadhi imepanda, sawa. Lakini abiria wangu ni walewale, na wanaomba kupunguziwa vilevile!"

Benedikta alisema kwa adabu ya kiualimu kwamba hakuna aliyeulizwa kama anataka vigae. Danford akajibu kwamba saruji haiulizi, na duka la vifaa linalomdai haliulizi pia.

Lukresia alingoja wote wanyamaze. "Mume wangu," akasema, "mimi nilikuomba bati. Wewe umeniletea kioo cha kukanyaga. Sasa unitoze kwa kuanguka?"

Wote walicheka, isipokuwa yule aliyetakiwa kucheka.

"Bibi," akasema Danford, "kwenye biashara hakuna utani. Asiyeweza, mwisho wa mwezi aniachie chumba."

Akaondoka, akitembea kwa uangalifu. Lukresia akabaki palepale. Kodi ilimchoma, ndiyo. Lakini lililomchoma zaidi ni lile neno "Bibi", kavu, kama anavyoitwa mtu yeyote mwenye mvi kwenye foleni ya benki. Tangu mtoto yule ajue kusema, hakuwahi kumwita hivyo.

Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alimpa kiti, akamuuliza mkataba uko wapi.

"Nilikubaliana na Mboje kwa mdomo."

"Na mdomo huo uko wapi?"

"Umezikwa Kasoli."

Mwenyekiti akakuna kidevu, akasema bila karatasi wala shahidi jambo lake ni gumu, aende wakazungumze kifamilia. Lukresia akamshukuru, wabeja sana, akarudi akijua kwamba njia iliyobaki ni ya kwenda Ngulyati.

Ngulyati alikuwako mwanawe, Januarius. Mtoto mwema mno, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake. Nyumba yake ilikuwa na chakula, na sala jioni, na usingizi kabla kuku hawajamaliza kupanda. Mkewe alikuwa na neno moja tu, "Mama, pumzika." Ukishika mwiko, mama pumzika. Ukishika ufagio, mama pumzika. Ukisimulia kisa cha kuchekesha, wanakuangalia kwa huruma, wanakuuliza kama umekunywa dawa. Lukresia alikaa huko wiki moja wakati wa msiba wa Athanasi, akarudi mjini amenenepa na amekonda roho. Kule, alijua, angetunzwa vizuri mpaka afe kwa kupumzika.

Akaanza kufungasha. Akashusha masufuria, akakunja mablanketi, akapanda juu ya kigoda kushusha kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati miaka na miaka. Kopo likalia kama lina kokoto ndani. Akalifungua, akachungulia, akaketi kitandani chini ya lile doa la ngozi ya ndama.

Ndani ya kopo, katikati ya vifungo vya mashati ya Athanasi, walikuwamo ng'ombe saba wa udongo.

Danford aliwafinyanga mwenyewe kwa udongo mweusi wa mbuga, alipokuwa mtoto wa miaka mitano au sita, akawakausha juani, akaja nao ndani amepaka tope mpaka kwenye nyusi. "Mke wangu," alisema, "mahari hii. Sasa nipe matobolwa." Athanasi, aliyekuwa anakula ugali, alilalamika sana kwamba ananyang'anywa mke mchana kweupe na jambazi asiye na meno ya mbele. Wakabishana, wakakubaliana, Athanasi akapewa fahali mmoja wa kifuta jasho. Kila ng'ombe alikuwa na jina. Mmoja sasa alikuwa amekatika pembe, kwani mafundi wa vigae walipotoa vitu vya bibi nje walilitupa lile kopo kama walivyotupa vingine.

Bibi alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kidogo baada ya kicheko kwisha. Kisha akajifuta, akaita koridoni:

"Benedikta! Wakwe wa Danford wanakuja lini?"

"Jumamosi, mayu, mama yangu! Si ametuambia tusianike hata soksi?"

"Kile kitenge chako cha harusi ya mdogo wako, kinanienea?"

Ilikuwa kweli. Danford alitaka kumwoa Nancy, msichana anayeuza kwenye duka la dawa karibu na stendi, na wazee wa Nancy walikuwa wanatoka Bukundi, huko Meatu, kuja kuona kwake na kuzungumza mahari. Wapangaji walipewa amri: Mabula apeleke pikipiki kwa jirani, baraza lisiwe na ungo wala chupa ya chai, na watu wakae vyumbani wasichungulie. Lukresia alimpenda Nancy. Alikuwa mteja wake wa kila asubuhi, tena mwenye mdomo. Hakutaka kuvunja kitu. Alitaka kumfinya mtu kidogo tu, pale panapouma lakini hapatoki damu.

Jumamosi wageni wakafika. Aliongoza Mzee Ndaki, baba mkubwa wa Nancy, mfugaji mrefu mwenye fimbo na makatambuga ya tairi. Nyuma yake shangazi Kija, na wazee wengine wawili wasio na maneno mengi. Walipofika kwenye vigae, Mzee Ndaki akasimama, akagonga sakafu kwa fimbo kama anayepima kina cha mto, akavua makatambuga, akavuka kwa hatua ndogondogo. Wenzake wakamfuata mstari mmoja. Ng'ombe kisimani hawaendi kwa nidhamu vile.

Upande wa Danford alikuwako baba yake mdogo, Mayige, aliyetoka Kasoli. Soda zikafunguliwa. Mzee Ndaki akaomba kwenda haja, akaoneshwa kile choo, akarudi upesi.

"Nimekuta kiti cha mwenyewe," akamnong'oneza Mayige. "Nimeona si adabu kukalia kiti cha mwenye mji. Hakuna kichaka hapa?"

Wakati Mayige anatafuta jibu, mlango ukafunguliwa. Akaingia Lukresia na kitenge cha rangi ya machungwa, kilemba juu, sinia mkononi lenye matobolwa, karanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akapiga magoti, akasalimia.

"Mwadila, wageni wetu."

"Mwadila, mayu," wakaitikia. Mzee Ndaki akamtazama kilemba. "Na wewe mayu ni nani wa mji huu?"

"Mimi?" Lukresia akainamisha macho kama mwali. "Mimi ndiye mke mkubwa."

Mayige alipaliwa na soda. Macho ya wazee wa Bukundi yakawaka. Walikuwa wameketi kwa saa nzima na kijana anayewaeleza bei za alumini, na sasa limetokea jambo wanalolijua.

"Hoo!" akasema Mzee Ndaki. "Sisi tumekuja kuleta binti, kumbe kuna mwenye nyumba! Mbona hatukuambiwa?"

"Hamkuambiwa mengi, baba."

"Na mume anakutunza?" akauliza shangazi Kija, akisogeza kiti.

"Ananitunza sana. Ananitoza kodi."

"Anakutoza nini?"

"Kodi ya chumba, mama. Mwezi ujao mara mbili. Nikishindwa ananifukuza. Nimesema niwaambie mapema, ili binti yenu akija aje na pochi."

Kicheko kilipasuka mpaka jipsamu likatetemeka. Mzee mmoja wa wale wasio na maneno alipata maneno: "Sasa huyu wa kwetu naye atalipa kwa mwezi au kwa miezi sita?" Mtu mwenye akili angecheka nao, akatoa noti moja, akamwambia mke wangu chukua ukanunue ugoro, na mambo yangekwisha. Lakini Danford alikuwa na suti inayombana, na deni la duka la vifaa likimbana zaidi. Akasimama.

"Wazee, samahanini, msimsikilize," akasema kwa sauti ya juu. "Huyu ni mpangaji wangu tu."

Kicheko kikakatika kama kimekanyagwa. Mayige akatazama kati ya magoti yake.

"Mpangaji," akarudia shangazi Kija polepole.

Mzee Ndaki akaweka soda chini. "Kijana," akasema, "mimi sijui mambo ya vigae. Lakini mtu anayemkataa bibi yake mbele ya wageni, binti yangu akizeeka atamwitaje?" Akachukua fimbo. "Tupeni nafasi, tuzungumze nje kidogo."

Wageni wanne wakainuka. Ndipo Lukresia akaona amepitiliza. Hakutaka hivi. Alikuja kufinya, na sasa damu inatoka. Kama watu wale wangevuka vigae na kutoka, Nancy angelia, Danford asingemsamehe, na yeye angekwenda Ngulyati na dhambi juu ya mizigo. Akawahi mlangoni, akauziba kwa kitenge chote.

"Kaeni, baba zangu," akasema. "Mume wangu hajanikataa. Amesahau tu. Wanaume husahau mahari waliyomtolea mke wa zamani wanapotafuta ya mke mpya. Ngoja nimkumbushe."

Akatoa kopo kwenye pindo la kitenge, akalimimina juu ya meza ya kioo. Ng'ombe saba wakalala pale katikati ya chupa za soda, weusi, wadogo, wenye migongo minene na miguu ya kukosea.

Danford aliwatazama. Akanyoosha mkono, akamwinua mmoja, akaweka kidole gumba chake kwenye alama ya kidole gumba iliyokaukia ubavuni. Alama ilikuwa ndogo kama punje ya hindi.

"Huyu ni Kabula," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu wa alumini. "Alikuwa wa maziwa." Akamshika mwingine. "Na huyu… pembe yake iko wapi?"

"Muulize fundi wako."

Danford akacheka. Kicheko kilimtoka puani kwanza, halafu mdomoni, halafu akawa hakishiki tena. Akajishusha kupiga magoti, suruali ya suti na vigae vikafanya yao, akateleza mpaka miguuni kwa bibi huyo kama mbuzi kwenye tope.

"Mke wangu," akasema kutoka huko chini, "nisamehe."

"Nimekusamehe. Inuka, unadeki kwa suti."

Sasa hata wale wazee wasio na maneno walikuwa wanapiga mapaja. Mzee Ndaki akaketi tena, akaliweka jambo sawa kama mtu aliyekwisha kuamua mengi ya ng'ombe na mengi ya watu. Kwanza, kijana kamkataa mtani: faini mbuzi, na mbuzi aliwe leo. Pili, mahari ya mke mkubwa imeonekana kwa macho, na mke aliyetolewa mahari hafukuzwi mpaka mume arudishiwe ng'ombe wake wote. "Na huyu wa pembe moja," akaongeza, "harudi mzima. Kwa hiyo ndoa hii haivunjiki."

"Na kodi?" akauliza shangazi Kija, ambaye hakuwa mtu wa kusahau.

"Mke halipi kodi," akasema mzee.

"Nitalipa," akasema Lukresia. "Ileile niliyompa Mboje. Cha bure, aliyekupa akichoka hukutupia usoni. Ila nina watoto, baba." Akafungua mlango kwa ghafla, na Mabula na Benedikta, waliokuwa wameegemea upande wa pili, wakaingia wote wawili bila kukaribishwa. "Hawa."

Kelele zikawa nyingi. Danford akaeleza deni la duka la vifaa, na Lukresia akakubali kwamba vigae havikushuka na mvua. Mwishowe ikawa kwamba kodi ya Mabula na Benedikta itapanda kidogo tu, nusu ya nusu ya alichotaka, tena baada ya msimu wa pamba, mji ukishakuwa na hela. Na kabla ya yote hayo, bati lizibwe.

"Haya," Mzee Ndaki akasugua mikono. "Mke mkubwa ameturuhusu. Sasa tuje kwenye letu. Binti yetu ni ng'ombe thelathini."

Danford akageuka rangi ya saruji.

"Thelathini!" Lukresia akapiga kelele. "Baba Ndaki, mimi nilikuja hapa kwa saba, mmoja kilema, na mpaka leo sijalalamika!"

"Wako ni wa udongo, mayu!"

"Ndiyo maana hawajafa na ukame! Wenu wangapi walibaki mwaka ule mbaya?"

"Mayu, wewe upo upande gani?"

"Upande wa mume wangu. Ng'ombe wote wakienda Bukundi, bati langu ataliziba na nini? Sema kumi na tano."

"Kumi na tano ni matusi. Ishirini na nane."

Walipigana pale mpaka harufu ya mbuzi ikaanza kuingia dirishani. Kila mzee alipotaja idadi, Lukresia alimjazia maziwa ya mgando na kumtajia mke wake nyumbani na kumuuliza yeye alimwoa kwa ngapi. Mayige alikuwa anakula matobolwa na kumtazama kama mtu anayetazama mpira. Wakakomea kumi na tisa. Mzee Ndaki akajifuta jasho, akamwambia Danford: "Kijana, kama ningekuwa na mpangaji kama huyu, ningemlipa mimi."

Danford aliwatazama ng'ombe wake wa udongo mezani. Unaweza kumwona mtu anapopiga hesabu kichwani, midomo inatembea kidogo. Aliweka upande mmoja kodi yote aliyotaka kuipandisha, upande wa pili ng'ombe aliookolewa, na mizani ikaanguka upande wa ng'ombe kwa kishindo. Akainuka, akaenda nje kumpigia simu fundi bati, kumuuliza kama Jumatatu ana nafasi.

Jumatatu fundi alikuwa juu ya paa akigonga, na Lukresia alikuwa barazani na kigoda chake, chupa ya chai na ungo wa karanga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, tope jeusi la mbuga limekaa njiani kama ugali mbichi. Nancy akapita akielekea dukani, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Mwangaluka, mke mwenzangu. Nasikia umenishusha bei."

"Mwangaluka. Ningeacha wakuchukulie thelathini, ungekula nini ukifika hapa? Vigae?"

Nancy akacheka, akachukua matobolwa bila kulipa, kama mtu wa nyumbani. Kisha akachungulia koridoni. Ndani, Danford alikuwa amepinda mgongo na tambara, akifuta nyayo za viatu vya Mabula, nyeusi, zilizoanzia mlangoni zikaishia chooni. Alipomaliza upande mmoja, fundi bati akashuka kunywa maji, akapita katikati.

"Kila siku inakuwa hivyo?" Nancy akauliza kwa sauti ndogo.

"Mvua ikinyesha tu," akasema Lukresia, akimmiminia chai. "Usiwe na wasiwasi, mwenzangu. Nimeshapanga zamu. Mimi baraza, wewe korido."